Kupanda mlima baada ya msiba: usianzie Longonot

Pole sana, dada. Umefiwa na mume, usiku usingizi hauji, na sasa rafiki anakuvuta mkapande Longonot, ule mlima wa volkano wa Kenya, huku wewe ukihofia kulia mbele ya watu. Kulia kusikutishe. Mlimani kila mtu anahema na kuangalia anapokanyaga. Hakuna wa kukuhesabia machozi.

Ila Longonot iache kwanza. Kilele chake kiko mita 2,776, na kipande cha mwisho kabla ya ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, ni mwinuko wa vumbi unaoteleza, hasa mnaposhuka. Anza na msitu wa Karura jijini Nairobi, njia zake si kali, wewe na huyo rafiki tu. Mwambie mapema kwamba hutaki maswali. Mimi nilipompoteza mama, kutembea nyuma ya mtu bila kuongea ndiko kulikonisaidia; maneno yalikuja yenyewe tulipokaa kumenya mayai ya kuchemsha. Ukizoea, nenda vilima vya Ngong, siku yenye watu wengi. Beba koti zito: ile mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa kule bure!

Usiende peke yako, na nyumbani wajue saa ya kurudi. Kama una presha au kifua kinakusumbua, muone daktari kabla.

Na ukijikuta unawaza afadhali ufe, au chakula hakishuki kabisa, mlima usubiri. Tafuta daktari au mshauri nasaha leo hii, na huyo rafiki akusindikize.