Usikimbilie kutoa nasaha

Jina la kazi yetu lilinipotosha. Nilipoanza kusomea ushauri nasaha Kampala, nilidhani nitapewa cheti cha kufanya kile ambacho ssenga, yaani shangazi, hufanya Buganda miaka nenda miaka rudi: kumkalisha binti na kumwambia la kufanya. Muhula wa kwanza tu nikakutana na Carl Rogers, Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika akipata msikilizaji mkweli, anayemwelewa na kumkubali bila masharti. Nikakariri, nikafaulu mtihani.

Kisha nikaenda kufanya mazoezi Nakivale, kambi ya wakimbizi iliyo wilayani Isingiro, ambako Wakongo wengi huzungumza Kiswahili. Mama mmoja (nimebadilisha mambo madogo asijulikane) akaanza kunieleza ugomvi wake na shemeji yake juu ya watoto wa marehemu mumewe. Hajafika nusu, nikamwambia aite wazee wawapatanishe. "Sawa, mwanangu," akajibu kwa adabu. Hakurudi tena. Msimamizi wangu hakunikaripia, aliuliza tu: "Katika saa ile, nani aliongea zaidi?"

Kwa hiyo wewe unayetafuta chuo, kabla ya ada ulizia nani atakusimamia mazoezini, na mtaketi pamoja mara ngapi. Majengo yasikuzuzue.

Wala usizidharau nadharia kwa kuwa zimetoka mbali. Kuna utafiti uliofanyika Masaka na Rakai, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Watafiti waliwauliza kwanza wenyeji wanaiitaje sonona, wakapewa maneno ya Kiganda: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Ndipo wakawafunza watu wa hukohuko, wasio wanasaikolojia, kwa wiki mbili tu, waongoze vikundi kwa nadharia inayotafuta chanzo cha huzuni katika msiba, ugomvi au mabadiliko ya maisha. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao vijiji vyao havikuwa na vikundi. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama: msiba na ugomvi, vyote alikuja navyo.

Hata hivyo, kunyamaza tu hakufai kwetu. Mzee akikuuliza "nifanye nini?" ukamkazia macho, umemvunjia heshima. Mimi siku hizi hujibu, "Tushauriane, mama. Mpaka sasa umejaribu nini?" Mara nyingi huvuta pumzi, akarudi mwanzo kabisa wa habari, na safari hii ninamwacha afike mwisho.