Kujenga Ceph kwenye kompyuta yenye gigabaiti 8

Ndugu yangu wa Langoni, umeeleza kwamba unajenga Ceph (programu ya kuhifadhi data kwa nakala kadhaa kwenye diski nyingi) kutoka kwenye msimbo chanzo ili baadaye uhifadhi picha za hati za kale za Lamu, na kwamba kazi hukatika katikati bila ujumbe unaoeleweka. Nashuku kumbukumbu ya kompyuta ndiyo inayokwisha, kwa sababu kila kazi ya ninja, programu inayoendesha ujenzi huo, huhitaji takriban gigabaiti 2.5, na ninja yenyewe, isipowekewa mpaka, huanzisha kazi nyingi kwa pamoja kulingana na idadi ya viini vya prosesa. Tumia amri "ninja -j2", kisha uwe na subira ya baharia anayengoja maji yajae. Umeme ukikatika, amri hiyohiyo itaendelea ilipoishia.

Kasi usiipime bado, kwa maana do_cmake.sh, skripti inayoandaa ujenzi, ikiendeshwa ndani ya hazina ya git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), hutoa toleo la kusaka hitilafu ambalo laweza kuwa polepole hadi mara 5. Jaribio lenye maana ni kuanzisha vstart.sh (skripti inayowasha Ceph ndogo ya majaribio) ikiwa na OSD 3, yaani sehemu tatu za Ceph zinazotunza data, kuhifadhi faili, kuzima OSD moja, kisha kulisoma faili hilo tena. Likisomeka, nakala zinafanya kazi. Lakini zote zimo katika diski moja, kwa hiyo hati zenyewe usiziweke humo.