Mwanangu, umeuliza nizikwe wapi

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Uliniuliza kwenye simu: siku ikifika, mnizike Kinondoni au mnisafirishe Songea? Nitafika huko. Mimi kinachonishughulisha ni nani atakayenitania.

Sisi Wangoni watani wetu ni Wahehe. Mababu walichinjana karne ya 19, vita vikaisha, wakaturithisha utani, na mtani ana kazi yake msibani. Msiba bila mtani ni mkutano. Nimewaambia mara ngapi?

Babu yako alipofariki ulikuwa bado wa mgongoni. Jirani yetu Mhehe, yule mama wa ulanzi, alivaa koti la marehemu, akachukua mkongojo wake, akapita katikati ya wafiwa akiburuta mguu wa kushoto vilevile huku akifoka: "Nani kagusa redio yangu?" Bibi yako, ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni, alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Akaomba uji. Kule kaburini mama yule akashuka shimoni, akalala chali. "Fupi! Mngoni huyu atakunja magoti mpaka kiama. Sitoki bila hela!" Watu wakachangishana. Hakutoka mpaka akaongezewa kuku.

Sasa msiba wa bibi yako hapa Dar. Mlishona sare, mshereheshaji akasoma ratiba. Mtani alipojifunga kanga ya marehemu kiunoni na kuanza kuigiza kikohozi chake, vijana wa kamati wakamshika mkono, wakampeleka nyuma ya turubai, eti muda. Mtu katoka Mbagala kwa daladala! Aliondoka hata chakula hakugusa.

Silaumu mtu. Padre alikuwa anasubiri kweli, na wageni wa ofisini kwenu wasiojua utani wangeshangaa. Lakini wakishangaa, kwani nini? Haya, naliacha. Ila msiba bila mtani ni mkutano.

Tuje kwenye wapi. Songea ndiko kwetu, na babu yako yuko kule. Lakini ni zaidi ya kilomita 900, na najua gharama za gari la maiti. Mtabaki na madeni. Nikifikiria hilo, naona Kinondoni panatosha, udongo ni udongo. Halafu namkumbuka Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu wa vita vya Majimaji. Wajerumani walimnyonga 1906, na mpaka leo ukoo wake unadai kichwa chake kilichopelekwa Ujerumani. Kama udongo ni udongo tu, wanadai nini miaka yote hiyo? Unaona unavyonisumbua na maswali yako. Langu ninalo moyoni, ila nikilitamka mtaligeuza sheria na kugombana na baba yako mdogo. Kaeni wenyewe muamue.

Ila shati langu la drafti lisigawiwe mtu kabla Wahehe hawajafika. Na yule mama wa Mbagala apelekewe nauli ya kuja na kurudi. Namba yake anayo shangazi yako.

Baba yako