Wadogo zangu wa data, acheni safu ya lita mahali pake

Juma lililopita stajeri mmoja, mwanafunzi wa mafunzo kazini, kaniletea jedwali la mtaa wa Ndosho, hapa Goma: wastani wa watu 14 kwa nyumba. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hao wanalala kwa zamu?" Kumbe 99, namba yetu ya "hajui", imejumlishwa kama watu. Simcheki sana. Mimi nilifanya makubwa zaidi.

1. 99 zitengwe kabla ya kupiga wastani. Basi.

2. Msigeuze vipimo kuwa madaraja kisha mkafuta vipimo. Hapa tukae kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa data ya maji, lita kwa mtu kwa siku. Mnaijua Goma: tuko juu ya mawe ya volkano, kisima huchimbi, maji tunayapandisha kutoka ziwa Kivu, na mtoto akitumwa na bidoni ya lita 20 anarudi na 17. Namba zikaja zimechafuka: 11.3, 13.6, 18.2. Zikaniudhi. Nikaunda madaraja matatu: chini ya 10, 10 hadi 20, zaidi ya 20. Yalivyopendeza! Kila wa daraja la katikati nikampa 15, nikafuta safu ya lita, nikasevu juu ya faili lile lile.

Mkutanoni shefu akauliza swali moja: wangapi wako chini ya 15, kiwango cha chini cha Sphere, ule mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu? Nikakodolea ekrani macho. Wa lita 11 na wa lita 19 walishakuwa mtu mmoja. Nikasema, "Ngoja nihakikishe." Nilihakikisha siku mbili, nikiingiza upya fishi, yaani fomu za karatasi, moja moja, nyingine zina tope, na aliyezijaza kakaa pembeni ananisomea mwandiko wake huku akicheka. "15" zangu nyingi zilikuwa 11, 12. Mtaa niliouandika "unatosha" ndio uliokuwa na foleni ndefu kuliko yote.

3. Wastani uende na mediani, namba ya katikati mkizipanga kwa ukubwa. Nyumba moja ya mtaa wa Himbi yenye tangi inavuta wastani wa wote juu.

4. Choreni kwanza. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitoa seti nne za pointi 11, wastani sawa, mstari wa mwelekeo ule ule. Ukizichora, moja imejipinda, nyingine imebebwa na pointi moja iliyokaa peke yake mbali.

5. Desimali zikatwe kwenye ripoti tu.

Stajeri amenirudishia jedwali: watu 6.2. Vizuri. Nikafungua faili la asili. 99 zote kazifuta, na kasevu juu yake. Naenda kutafuta fishi.