Safari ya kwanza ya gari Tanzania: hesabu mwanga wa mchana, kilomita baadaye

Tulitoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, mimi na mdogo wangu, nia yetu tukalale Lushoto, milimani mkoani Tanga, siku hiyo hiyo. Ramani ya simu ilisema tutafika kabla ya jua kuzama. Saa tatu usiku bado nilikuwa nakwea mlima kutoka Mombo, mwamba upande mmoja, giza tupu upande wa pili, na lori la mboga likiteremka na taa zake kali machoni mwangu. Barabara ile ina lami, lakini ni nyembamba, na ni kilomita zaidi ya 30 za kona juu ya kona. Mdogo wangu aliacha kuongea tangu kona ya tatu. Tulipofika gesti mikono ilinitetemeka hata ufunguo ukakataa kuingia kwenye kitasa.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayepanga kuvuka mpaka kwa mara ya kwanza, namwambia ahesabu mwanga kwanza. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Andika saa unayotaka uwe umeegesha gari, mimi naandika saa kumi na moja jioni, halafu rudi nyuma uone siku inakufikisha wapi.

Saa zangu zilimezwa na mambo mawili ambayo ramani haiyajui.

La kwanza ni mpaka wa Namanga. Kutoka Nairobi kupitia Kitengela na Kajiado ni kilomita kama 160, na kituo ni cha pamoja, unamalizana na maafisa wa Kenya na wa Tanzania mahali pamoja. Sisi wawili tulipita upesi. Gari ndilo lililokwama. Lilikuwa la kaka yetu, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ina jina lake, na mimi sikuwa na barua yake ya kuniruhusu kulitoa nchini. Ikabidi nimpigie simu, aandike, atie sahihi, apige picha, atume, nami nizunguke kutafuta pa kuichapisha. Saa mbili na nusu zikaenda hivyo, na ndizo hizo hizo nilizozilipa gizani kule mlimani.

Siku hizi nina bahasha moja ya plastiki inayokaa chini ya kiti: pasipoti, leseni, logibuku na nakala zake, barua ya mwenye gari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima inayotambulika ukishavuka. Hiyo ya mwisho inunue Nairobi kwa wanaokukatia bima ya kawaida. Ukifika Namanga huna, utazungukwa na watu wa kukusaidia kabla hujazima injini, na kwa haraka uliyonayo huwezi kujua nani ni nani. Kibali cha muda cha gari utakipata pale pale kituoni. Fedha nazo zibadilishe mapema.

La pili ni vibao vya 50, yaani mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Hili nalisema polepole kwa sababu sisi wa Nairobi tumezoea kupunguza mwendo tukiona tuta au tukiona watu. Tanzania barabara kuu hupita katikati ya vijiji, na vijiji vingi vina kibao cha 50 mwanzoni na kingine mwishoni, chenye 50 iliyokatwa mistari. Baada ya Same niliona nyumba zimeisha, mashamba yameanza, nikakanyaga mafuta. Mbele kidogo, chini ya mti, akasimama trafiki mwenye sare nyeupe akaninyoshea mkono.

“Karibu, dada. Mmetoka Kenya?”

“Ndiyo, afande. Habari za kazi?”

“Nzuri. Hapa bado ni hamsini. Kibao cha kumaliza kiko kule mbele, unakiona?”

Nilikiona, kama mita mia mbili hivi. Akanionyesha tochi yake ya kupimia mwendo: 68. Hakunipandishia sauti hata kidogo. Faini ilikuwa shilingi 30,000 za kwao, nikapewa namba ya malipo, tukatafuta wakala wa kulipia, na nusu saa nyingine ikaenda. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: mwendo haupandi mpaka nipite kile kibao chenye mistari, hata kama hakuna nyumba, hata kama basi linanipigia honi nyuma. Na ukiheshimu 50 zote kutoka Namanga hadi Mombo, siku inakuwa ndefu kuliko ramani inavyodai. Ihesabu hivyo tangu nyumbani.

Mara ya pili tulipanga vingine kabisa. Usiku wa kwanza tulilala Moshi. Kesho yake tukaondoka baada ya chai, milima ya Upare ikiwa kushoto kwetu, na saa sita mchana tulikuwa tunakwea kuelekea Lushoto. Barabara ile ile. Safari hii niliona maporomoko ya maji, watoto wanaotoka shule, mashamba ya kabichi yamening'inia kwenye miteremko. Mdogo wangu alishusha kioo akawa ananihesabia kona. Siku mbili baadaye tukashuka Tanga kupitia mashamba ya mkonge ya Korogwe na machungwa ya Muheza, kisha tukarudi Kenya kwa mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga hadi Mombasa.

Pale Horohoro usiwe na pupa ya kufika nyumbani. Kile kibali cha gari ulichopewa Namanga lazima kifungwe unapotoka, la sivyo kwenye kumbukumbu zao gari lako linahesabika liko Tanzania bado. Mimi nilikuwa nimeshagongewa pasipoti na nimeshawasha injini nilipokikumbuka. Nilizima gari, nikarudi dirishani, nikapanga foleni upya.