Maswali yenu: ruzuku za Marekani za kudhibiti silaha na droni

*Shirika letu linafundisha maofisa wa forodha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imetangaza ruzuku ya kusaidia nchi washirika kuzuia usafirishaji haramu wa silaha na droni, na muda wa kuomba ni siku 45. Tuanze na andiko au na usajili?*

Anzeni na usajili, leo hii. Andiko zuri lisilo na usajili hai haliendi popote.

Shirika lililo nje ya Marekani huomba kwanza namba ya NCAGE, yaani namba ya kulitambulisha shirika, inayotolewa kwa utaratibu wa NATO. Ukishaipata unaingia SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba pesa zake, ambako utapewa UEI, kitambulisho chenye herufi na tarakimu 12. Baada ya hapo ndipo unapofungua akaunti ya mfumo uliotajwa kwenye tangazo, mara nyingi Grants.gov. Kote huko hakuna ada. Anayekudai pesa ili akusajili ni dalali tu.

Kinachokwamisha wengi ni jina. Cheti kimeandikwa kwa Kiswahili, ombi la NCAGE likajazwa jina la Kiingereza, na SAM.gov ikawekewa kifupisho kinachotumika kwenye barua. Mfumo unaona mashirika matatu. Chukueni jina lilivyo kwenye cheti, pamoja na nukta na mkato wake, mlitumie hilohilo kila mahali, na mwambatishe tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Anwani nayo iwe ya mahali ofisi ilipo, maana sanduku la posta halikubaliki hapo. Na mkumbuke kuwa usajili wa SAM.gov huhuishwa kila mwaka. Ukiisha katikati ya tathmini, ruzuku inaweza kukwama.

*Andiko letu lilirudishwa. Tulipanga warsha tatu za maofisa 90 kuhusu "tishio la droni", nasi tukaambiwa tishio halijaelezwa. Tulikosea wapi?*

Mlieleza warsha, hamkueleza mzigo unaopita. Msomaji wa andiko anataka kuona kitu gani kinavuka, kinapitia mlango upi, kimeandikwaje kwenye hati, na ofisa yupi ana mamlaka ya kukizuia.

Tuchukue katoni moja. Hati inasema "vifaa vya kuchezea", kifungu 9503 cha uainishaji wa forodha. Ndani mna mota nne, kidhibiti cha urukaji, fremu ya nyuzi za kaboni na betri za lithiamu. Tangu toleo la mwaka 2022 la mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, droni zina kifungu chao, 8806, kilichogawanywa kwa uzito wa juu wa kuruka: hadi gramu 250, kisha hadi kilo 7, kilo 25 na kilo 150. Sehemu zake ziko 8807, lakini mota za umeme huingia 8501 na betri 8507. Msafirishaji akitawanya shehena kwenye vifungu hivyo, kila kipande peke yake kinaonekana cha kawaida. Kumbe kanuni ya 2(a) ya uainishaji inasema kitu kamili kilicholetwa kikiwa vipande vipande huainishwa kama kitu kamili. Ofisa anayeijua kanuni hiyo anaweza kuuliza swali sahihi pale pale kaunta.

Huo ndio mradi. Badala ya "maofisa 90 watafundishwa", andikeni kwamba maofisa wa vituo fulani viwili watapewa katoni za mazoezi kabla ya mafunzo, mara tu baada yake, na tena baada ya miezi sita, kisha mtahesabu ni ngapi walizozitambua. Karatasi ya mahudhurio haithibitishi kwamba mtu amejua kazi.

Taja pia wajibu wa nchi yenyewe. Azimio 1540 la Baraza la Usalama, la mwaka 2004, linazitaka nchi zote ziwe na udhibiti wa mipaka na wa mauzo ya nje kuhusu silaha za maangamizi na vyombo vya kuzirusha. Azimio 2370 la mwaka 2017 linahusu kuwanyima magaidi silaha. Msiyarundike maazimio, chagueni linaloendana na shehena mnayoizungumzia.

*Je, tunaweza kuweka kwenye bajeti mitambo ya kuvuruga mawasiliano ya droni?*

Ushauri wetu: msianzie hapo. Mitambo ya aina hiyo inaweza kuhitaji leseni ya kuuzwa nje ya Marekani na kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya nchi inayopokea. Ikitumiwa ovyo karibu na uwanja wa ndege, inaweza kuvuruga pia mawimbi ya satelaiti yanayoongoza ndege za abiria. Tena haisaidii dhidi ya droni inayoongozwa kwa waya mwembamba wa nyuzi za kioo, kwani hiyo haina mawimbi ya redio ya kuvurugwa.

Vihisi vya kugundua ni rahisi zaidi kuvitetea, ila navyo vinahitaji maelezo. Droni nyingi za madukani hutumia masafa ya GHz 2.4 na 5.8, yaleyale ya Wi-Fi, kwa hiyo mjini kihisi cha redio peke yake hupiga kengele za uongo. Kiambatanisheni na kamera au rada.

Kwenye kamera, angalieni kiwanda. Kanuni ya Marekani ya 2 CFR 200.216 inakataza pesa za ruzuku kununua vifaa fulani vya mawasiliano na kamera za ulinzi vya Huawei, ZTE, Hytera, Hikvision na Dahua, na kamera hizo mara nyingi hufichwa ndani ya seti yenye jina jingine. Mwombeni muuzaji tamko la maandishi.

*Gharama za uendeshaji ni asilimia 15 ya bajeti yote?*

Hapana. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, shirika lisilo na kiwango kilichokubaliwa na serikali ya Marekani linaweza kudai hadi asilimia 15, lakini ya gharama za moja kwa moja zilizorekebishwa. Unatoa kwanza vifaa vyenye thamani ya dola 10,000 au zaidi kila kimoja, posho na nauli za washiriki, na sehemu inayozidi dola 50,000 ya kila ruzuku ndogo mnayompa mshirika.

Tuseme gharama za moja kwa moja ni dola 400,000. Ndani yake mna vihisi vinne vya dola 15,000 kila kimoja, yaani 60,000, dola 90,000 za posho na nauli za washiriki, na mshirika mmoja anayepewa ruzuku ndogo ya dola 80,000. Toa 60,000, toa 90,000, toa 30,000 ya mshirika iliyozidi 50,000. Zinabaki 220,000, na asilimia 15 yake ni 33,000. Aliyepiga hesabu juu ya 400,000 ameandika 60,000, amezidisha dola 27,000.

*Polisi watashiriki mafunzo. Kuna la kufanya mapema?*

Kusanyeni majina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, cheo na kikosi cha kila mmoja. Sheria ya Marekani iitwayo Leahy inazuia msaada kwa kikosi ambacho kuna taarifa za kuaminika kwamba kimefanya ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu, na uchunguzi huchukua muda. Pelekeni na majina ya akiba, kwa sababu mtu akibadilishwa wiki ya mwisho, mbadala wake asiyechunguzwa haingii darasani.