Mabomba ya mwekezaji, maji ya nani?

Swali: Ndugu mhandisi, katika mji wetu mdogo karibu na Busia, upande wa Uganda, kampuni binafsi inataka kuchimba kisima, kutandaza mabomba na kujenga vioski. Wakubwa wamefurahi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji, nina wasiwasi. Mkataba ukiisha mabomba ni ya nani? Na bei itatulindaje?

Jibu: Ndugu yangu, wasiwasi wako una msingi. Maji yenyewe hayauzwi kwa kampuni: Sheria ya Maji ya 1997 inaweka usimamizi wake wote mikononi mwa serikali, na mwekezaji hupewa kibali tu cha kuyavuta. Mabomba, tangi na pampu hufuata mkataba unavyosema. Kampala, kati ya 1998 na 2004, kampuni za nje ziliendesha sehemu ya huduma, lakini mtandao ulibaki mali ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. Zilipoondoka, hakukuwa na bomba la kununua upya. Kwenu mwekezaji ndiye anayejenga, kwa hiyo dai iandikwe kwamba mwishoni vyote vinarudi kwa mji vikiwa vinafanya kazi. Mimi niliwahi kukabidhiwa mtambo wenye pampu iliyokufa, na mkataba ulikuwa kimya.

Kwenye bei, nakuomba ukae na kalamu. Mikataba mingi hutaja bei ya yuniti, yaani lita 1,000, sawa na jerikeni 50 za lita 20. Tuseme yuniti imepangwa shilingi 3,000: jerikeni moja ni shilingi 60. Kioski kikiuza jerikeni kwa 200, mama anayebeba maji kichwani analipa 10,000 kwa yuniti, zaidi ya mara tatu ya jirani mwenye bomba uani. Mkataba haujavunjwa, kwa sababu haukumtaja kabisa. Hili linaniuma kila ninapoliona. Bei ya jerikeni kwenye kioski iandikwe kwa shilingi, ibandikwe ukutani, na faini ya kuizidisha itajwe.

Kisha weka idadi ya vioski na mitaa vitakapokaa. Kampuni inayoishi kwa mauzo itafikisha bomba kwenye gesti kwanza, bondeni baadaye.

Mkataba wenyewe uombe kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inakupa haki hiyo kama raia, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Peleka ombi wiki hii, kabla hawajatia saini.